Somo la Nyumbani: Sayansi ya Majilio kwa Watoto Wetu



Kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, swali moja husikika katika nyumba nyingi za Kariakoo, Gerezani, Ilala na Upanga: watoto watafanya nini mchana kutwa? Mwezi huo ndio wazazi wengi wanapokosa nafasi kabisa. Wenye maduka na meza za biashara katika Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Msimbazi hutoka alfajiri na kurudi usiku, kwa kuwa ndiyo majira ya watu kununua nguo za sikukuu. Mtoto hubaki ghorofani au uani na dada wa nyumbani, au na bibi. Hutazama televisheni hadi macho yamchoke, kisha huanza kuuliza maswali. Naye mtu mzima aliyechoka humjibu, “Acha maswali yako, nenda ukacheze.”

Somo letu la safari hii lahusu maswali hayo. Tunaleta kazi tano ndogo za sayansi na za mikono, moja kwa kila juma la Majilio, na ya tano kwa siku ya Krismasi yenyewe. Vifaa vyake vingi vimo jikoni, na vilivyosalia vyapatikana sokoni kwa bei nafuu. Kinachohitajika zaidi ni nusu saa ya mtu mzima, mara moja kwa juma.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wako wanaodhani kwamba sayansi ni mali ya maabara, na kwamba mtoto asiye na darubini hana la kufanya. Na tuangalie mfano wa Mtanzania mwenzetu. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika mashine ya barafu. Siku moja Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, alitia maziwa yake yangali ya moto. Baadaye aliona kwamba yake yameganda kabla ya yale yaliyotiwa yakiwa yamepoa.

Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba alisimama akamwuliza swali lake lile lile, na wenzake wakamcheka. Lakini mgeni yule aliporudi Dar es Salaam alilijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 majibu yao yalichapishwa kwa majina ya wote wawili katika jarida la kisayansi. Hata leo wataalamu wa nchi nyingi wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo, nalo laitwa kwa jina la Mpemba.

Tuone basi hasara ambayo ingepatikana kama kijana huyo angekubali kunyamazishwa. Chombo chake kilikuwa maziwa na sukari. Alichokuwa nacho zaidi ya wenzake ni jicho lililoona na ulimi uliouliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mara nyingi sisi wakubwa humfanya mtoto aone kwamba ni ujinga. Likizo ya Desemba ni nafasi nzuri ya kurekebisha jambo hilo.

KANUNI YA KAZI ZOTE

Kabla ya kuanza, mzazi ashike hatua nne zifuatazo, kwani bila hizo kazi hizi zitakuwa kiinimacho tu.

(a) Mtoto akisie kwanza. Aulizwe, “Unadhani kitatokea nini?” Jibu lake liandikwe, hata likiwa la ajabu.
(b) Mtoto atende kwa mikono yake, isipokuwa palipo na moto au maji ya moto.
(c) Mtoto atazame na kusema alichokiona, wala si alichotarajia kukiona.
(d) Ndipo mtafute sababu pamoja. Kama mzazi haijui sababu, aseme, “Sijui, na tuitafute.” Heshima yake haitapungua.

Nunueni daftari moja la watoto wote, na kila kazi iandikwe tarehe yake.

JUMA LA KWANZA: MSHUMAA

Katika Majilio tunawasha mishumaa, na umeme unapokatika tunaiwasha pia. Kwa hiyo na tuanze na mshumaa. Mwaka 1825 taasisi moja ya London, Royal Institution, ilianzisha mihadhara ya sayansi kwa vijana wakati wa Krismasi. Mhadhiri aliyesifika sana alikuwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye ujanani alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu. Katika Krismasi ya mwaka 1860 alifundisha mihadhara sita juu ya kitu kimoja tu: mshumaa. Nasi tukifanya vivyo hivyo hatutakuwa tumejishusha.

Kazi ya kwanza ni saa ya mshumaa. Mtoto auwekee mshumaa alama kwa kalamu kila sentimita moja, kisha akisie utachukua dakika ngapi kushuka alama moja. Mtu mzima auwashe, mtoto aangalie saa na kuandika. Alama ya pili ikifika, atajua kama mshumaa huungua kwa mwendo ule ule.

Kazi ya pili yafuata hapo hapo. Simamisheni kipande kifupi cha mshumaa katikati ya sahani, mtie maji kidogo, mwashe, kisha mfunike kwa bilauri ya kioo. Moto utazimika, na maji ya sahani yatapanda ndani ya bilauri. Vitabu vingi vimeeleza kwamba maji hupanda kuchukua nafasi ya oksijeni iliyoliwa na moto. Maelezo hayo hayatoshi. Mwambieni mtoto atazame vizuri: maji hupanda zaidi moto ukiisha kuzimika. Sababu kubwa ni kwamba hewa iliyopashwa moto na mshumaa ilikuwa imetanuka. Moto ukizimika hewa hiyo hupoa, husinyaa, na hewa ya nje husukuma maji kuingia. Mtoto aliyetazama kwa makini aweza kukisahihisha kitabu kwa macho yake.

Tahadhari: kazi hii ni ya mtu mzima na mtoto pamoja, kamwe si ya mtoto peke yake. Mezani pasiwe na pazia wala karatasi, nywele ndefu zifungwe, na ndoo ya maji iwe karibu. Sisi wakazi wa hapa hatuhitaji kufundishwa madhara ya moto. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kila mtu aliona.

JUMA LA PILI: KADI INAYOGEUKA RANGI

Rozela, ambayo wengine huiita choya, ndiyo ile tunayoifanyia juisi nyekundu. Chemsheni konzi moja ya rozela kavu katika kikombe kimoja cha maji kwa robo saa, mchuje, na mwache ipoe. Mtoto achovye humo karatasi nyeupe zisizoteleza, kisha azianike kivulini mpaka zikauke.

Tayarisheni vikombe viwili. Cha kwanza kiwe na maji ya limau. Cha pili kiwe na magadi ya kupikia maharage, kipande kisichozidi punje ya harage katika nusu kikombe cha maji. Mtoto achukue kijiti kilichoviringishwa pamba, akichovye katika kikombe kimoja, achore juu ya karatasi. Kabla ya kuchora, akisie rangi.

Palipoguswa na limau patakuwa pekundu pa kung’aa. Palipoguswa na magadi patageuka kuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu. Na ajabu yake ni kwamba mkitia limau la kutosha pale penye kijani, wekundu hurudi. Sababu ni kwamba rangi ya rozela hubadilika kufuata uchachu wa kitu. Limau ni asidi, magadi ni alikali, na kila kimoja hupunguza nguvu za mwenzake. Mtoto ataweza sasa kupima vitu vingine vya nyumbani: ukwaju, maji ya sabuni, maziwa, majivu yaliyolowekwa. Avipange katika daftari, vya asidi upande mmoja na vya alikali upande mwingine.

Karatasi zikikauka zikatwe ziwe kadi za Krismasi. Rangi nyekundu na kijani mnazo tayari. Gundi aweza kuipika kwa unga wa ngano na maji, na jalada gumu la kadi hupatikana kutoka maboksi yanayotupwa madukani kila jioni. Kwa pambo, akusanye maua mekundu yaliyoanguka chini ya mkrismasi, ule mti unaochanua mwezi huu huu, ayabane katikati ya kitabu kizito kwa siku kadhaa. Kadi yenye ua la mti wa mtaani ina maana kwetu kuliko yenye picha ya theluji ambayo mtoto hajaiona.

Tahadhari: magadi huwasha macho. Mtu mzima ayachanganye, na watoto wanawe mikono wakimaliza.

JUMA LA TATU: NYOTA YA SHABU

Nendeni sokoni mwulizie shabu, lile jiwe jeupe linalotumiwa kusafishia maji. Chukueni mtoto pamoja nanyi ili aulize mwenyewe na kuona linavyouzwa.

Nyumbani, tengenezeni nyota ndogo kwa vijiti au waya, mwizungushie uzi wa sufu pande zote. Ponda shabu iwe unga. Mtu mzima amimine maji ya moto katika chupa ya mdomo mpana, kisha atie shabu kijiko baada ya kijiko huku akikoroga, mpaka ifike mahali ambapo haiyeyuki tena na nyingine inabaki chini. Ning’inizeni nyota ndani ya maji hayo isiguse ukingo wala chini. Chupa iwekwe mahali ambapo haitatikiswa, ilale hapo hadi asubuhi.

Asubuhi mtaikuta nyota imevaa vipande vinavyong’aa kama kioo. Hivyo ndivyo fuwele. Maji ya moto huweza kubeba shabu nyingi kuliko maji yaliyopoa. Maji yanapopoa hulazimika kuitua sehemu ya mzigo wake, na shabu hujipanga juu ya uzi kwa umbo lake la asili. Itundikeni dirishani, itapokea mwanga.

Mtoto akiuliza, “Na chumvi je?” mwambieni ajaribu. Ataona kwamba chumvi haifanyi hivyo kwa usiku mmoja. Maji ya moto na maji ya baridi hubeba chumvi karibu sawasawa, kwa hiyo kupoa hakutoshi, lazima maji yenyewe yakauke. Kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, hilo huchukua siku nyingi. Ndiyo maana wavunaji chumvi wa pwani yetu huacha maji ya bahari juani katika mabwawa mapana.

Shabu iliyosalia ina somo jingine. Chukueni bilauri mbili za maji yenye tope, kama yale ya mvua za vuli. Moja tieni chembe ya shabu, koroga, kisha mziache zote mbili. Penye shabu tope litashikana na kuzama mapema zaidi. Hapo ongezeni neno moja la lazima: maji meupe si lazima yawe maji salama. Vijidudu havionekani kwa macho, kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe. Katika mji uliopata kuugua kipindupindu, somo hili moja laweza kuwa na thamani kuliko mengine yote.

Tahadhari: maji ya shabu yasinywewe, na chupa iandikwe jina.

JUMA LA NNE: BARAFU YA MPEMBA

Sasa na turudi kwa Mpemba. Tengenezeni juisi ya ukwaju au ya ubuyu. Chukueni vikombe viwili vinavyofanana kabisa, mtie kiasi kile kile, kimoja juisi ya baridi, kingine juisi ya moto wa kuvumilika mkononi. Viandikwe A na B, viwekwe katika friza juu ya rafu ile ile. Wasio na friza wamwombe jirani anayeuza barafu. Kila mtoto akisie kipi kitaganda kwanza. Kisha friza ifunguliwe kila baada ya nusu saa tu, na hali ya kila kikombe iandikwe.

Je, kipi kitashinda? Hatutawaambia, na sababu si siri. Katika nyumba moja cha baridi kitatangulia, na katika nyingine huenda cha moto kikatangulia. Hutegemea chombo, friza, kiasi cha maji na mahali kilipowekwa, na hata namna ya kuamua kwamba kitu “kimeganda”. Ndiyo maana wataalamu hawajakubaliana. Kwa hiyo mtoto asifundishwe kwamba “maji ya moto huganda kwanza” kama mtu anayekariri. Afundishwe kusema, “Katika friza yetu, tarehe fulani, tuliona hivi.” Watoto wakija Shule ya Jumapili walete madaftari yao walinganishe. Yule ambaye jibu lake limetofautiana na la wengi asichekwe, bali aulizwe alifanyaje. Kisha barafu zote ziliwe.

SIKU YA KRISMASI: KIVULI CHA ADHUHURI

Kazi ya mwisho haihitaji kununua kitu. Baada ya ibada ya Krismasi, simamisheni fimbo ya mita moja wima kabisa penye jua, uani au uwanjani pa kanisa. Kuanzia saa tano na dakika 45 hadi saa saba kamili, mtoto aweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, na kupima urefu. Asilitazame jua lenyewe hata kidogo.

Kwanza, ataona kwamba kivuli kifupi kuliko vyote hakiji saa sita kamili, ila karibu saa sita na dakika 23. Saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45, lakini Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39. Dunia huchukua dakika nne kuzunguka uzi mmoja, kwa hiyo jua hutufikia sisi likiwa limechelewa.

Pili, kivuli hicho kitakuwa na urefu wa kama sentimita 30, nacho kitaelekea kaskazini, kwa sababu mwezi huu jua liko kusini mwetu. Mwezi wa Juni huelekea kusini. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika nusu ya kwanza ya Oktoba, jua hupita juu ya utosi wetu na fimbo hukosa kivuli.

Sasa mwambieni mtoto jambo hili. Siku hiyo hiyo, adhuhuri ya Bethlehemu, fimbo kama hiyo hutoa kivuli cha sentimita 143 hivi. Huko London kivuli hufika karibu mita tatu na sentimita 70. Jua la huko huwa chini, mwanga wake hutawanyika juu ya ardhi kubwa, na joto hupungua. Ndiyo sababu wao huiona Krismasi kuwa sikukuu ya baridi na sisi tunatoka jasho. Hakuna Krismasi iliyo halisi kuliko nyingine. Ni jua lile lile, pembe tu ndiyo tofauti. Mtoto wa Mtaa wa Sikukuu akiisha kupima kivuli chake mwenyewe, hatahitaji kubandika pamba dirishani ili aione Krismasi yake kuwa kamili.

NENO LA MWISHO KWA WAZAZI

Twajua wako watakaosema, “Nafasi hiyo tutaipata wapi, na sisi hufunga duka saa tatu ya usiku?” Kwa hiyo kazi hizi tumezichagua kwa makusudi. Nyota ya shabu hujitengeneza mkiwa mmelala. Barafu huganda mkiwa dukani. Daftari laweza kusomwa wakati wa chakula cha usiku, na mzazi akauliza, “Leo umeona nini?” Bibi na babu waweza kusimamia kazi ya kadi vizuri kuliko sisi sote. Na wavulana wafanye sawa na wasichana. Wote wapike gundi, wote wapime kivuli, wote wafue vitambaa vilivyochafuliwa na rozela.

Udongo uwahi ungali maji. Shule itafunguliwa Januari, na mwalimu mwenye darasa kubwa hataweza kusikiliza kila swali la kila mtoto. Swali lililosikilizwa nyumbani ndilo mtoto atakalothubutu kuliuliza darasani, hata wenzake wakicheka.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni swali gani ambalo mtoto wetu ameuliza juma hili, nasi tukampuuza?
2. Kwa nini maji yalipanda ndani ya bilauri zaidi baada ya moto kuzimika?
3. Maji yaliyosafishwa kwa shabu yanahitaji nini kabla ya kunywewa, na kwa nini?
4. Kama matokeo ya nyumba mbili yanatofautiana, tutajuaje sababu?

Tunawatakieni nyote Majilio mema, na Krismasi yenye afya, amani na maswali mengi.